Kuchangisha Wahitimu kwa Ajili ya Wanafunzi wa Sanaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wawakilishi wa madarasa, kamati za wahitimu na walimu wa idara za sanaa kwenye vyuo vikuu vya umma Tanzania. Mifano mingi ni ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako sanaa za maonyesho zimefundishwa tangu 1967 na ambako wahitimu wake leo wamesambaa kila mahali: redioni, kwenye matangazo, mashuleni, wizarani, na wengine kwenye kazi zisizohusiana kabisa na jukwaa.

Nikisema "wanafunzi wa sanaa" watu wananiuliza kama ni HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza). Niwaelezeje?

Utaulizwa hilo kabla ya jambo jingine lolote, na wana haki ya kuuliza. Sekondari, aliyesoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza) au HKL ni mtu wa mchepuo wa sanaa. Chuoni, aliyesoma historia naye hupewa Shahada ya Sanaa. Kwa hiyo usiandike "wanafunzi wa sanaa" ukaishia hapo. Andika wanaochora, wanaofinyanga, wanaochonga, wapiga muziki, waigizaji, wa filamu. Bora zaidi, taja kundi moja tu: "wachoraji wa mwaka wa tatu".

Kuna shida ya pili. Mtaani "usanii" ni ulaghai. Mtu akikwambia "acha usanii" hakusifii. Ukikusanya hela kwa jina la sanaa halafu ukachelewa kutoa hesabu, utani huo utautengenezea njia mwenyewe.

Kwa nini wahitimu hawachangi wakati uwezo wanao?

Wanachanga sana, ila si kwenu. Huyo anayesema mwezi huu umemkaba, Jumamosi anamalizia kadi ya laki moja ya harusi ya mtu waliyeonana mara mbili. Tofauti iko kwenye ombi. Harusi ina tarehe isiyosogea, ina kamati inayokutana kila wiki, ina ukumbi unaodai malipo ya awali, na ina orodha ambayo kila mtu kwenye grupu anaona jina lake limewekewa alama ya vema au halijawekewa. "Tuwasaidie wadogo zetu pale chuoni" haina hata kimoja kati ya hivyo.

Basi tendeni kama kamati ya harusi mpaka siku fedha inapotimia. Mtofautiane nayo baada ya hapo: harusi ikiisha hakuna anayedai hesabu, ninyi mtadaiwa.

Tuombe kwa ajili ya nini?

Kwa kitu chenye idadi, bei na siku. Ada ni ombi gumu, kwa sababu ni kubwa na mhitimu anajua Bodi ya Mikopo ipo. Sehemu inayomuumiza mwanafunzi wa sanaa ni gharama isiyoonekana kwenye orodha ya ada. Mwenzake wa sheria anaweza kuazima kitabu maktaba akasomea kwenye kimbweta (meza ya zege ya nje), turubai haiazimwi. Mkopo una kipengele cha mahitaji maalumu ya kitivo, lakini si kila mwanafunzi anapangiwa, na fedha ikichelewa maonyesho ya mwisho wa mwaka hayasubiri.

Tuchukue wachoraji 12 wa mwaka wa tatu, kila mmoja akitakiwa kuonyesha kazi 6 za sentimita 80 kwa 100. Hizo ni turubai 72. Kila kipande kiongezwe sentimita 5 kila upande za kukunjia kwenye fremu, kwa hiyo kinakatwa 90 kwa 110. Roli la upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 10, ukikata 110 kwenye upana na 90 kwenye urefu, linatoa vipande 11, na ukanda wa sentimita 40 unaobaki unafaa kwa kazi za majaribio. Ukigeuza, unapata vipande 9. Kwa turubai 72 ni tofauti ya maroli 7 na 8: roli zima limepotea kwa sababu aliyeandika bajeti hakukaa na mkasi na mwalimu wa uchoraji. Juu yake weka mbao za fremu, pini za kuwambia, rangi ya chini mikono miwili, akriliki na brashi. Hapo una bajeti ambayo mhitimu aliyewahi kuwamba turubai mwenyewe ataisoma mpaka mwisho.

Idara nyingine hutumia kitambaa cha marekani kilichopakwa gundi na rangi nyeupe. Ni rahisi na kwa mazoezi kinatosha. Kwa kazi za kuuzwa, hakikisheni kimewambwa vizuri, maana kikilegea rangi hupasuka.

Kwa wanamuziki vitu ni nyuzi za gitaa, ngozi za kuwambia ngoma upya, na fundi wa marimba. Kwa maigizo ni maleba (mavazi ya jukwaani), taa, na nauli ya kikundi kwenda kuonyesha nje ya chuo. Nauli husahaulika karibu kila mara.

Tunahitaji kibali gani kabla ya kuanza?

Barua ya idara, yenye mhuri, inayotaja mahitaji, idadi ya wanafunzi, tarehe ya mwisho na jina la mwalimu atakayepokea vifaa. Iombeni wiki 4 kabla ya tangazo la kwanza. Bila barua, kuna siku mtu atauliza kwenye grupu, "Jamani, idara inajua hili?" na kuanzia hapo simu zenu hazitapokelewa. Mjulisheni pia msimamizi wa masuala ya wahitimu chuoni. Yeye ndiye mwenye orodha, na huenda kuna uchangishaji mwingine mwezi huohuo msioujua.

Tugawe lengo sawa kwa kila mtu?

Hapana. Tuseme lengo ni shilingi 4,800,000, yaani 400,000 kwa kila mmoja wa wachoraji 12, na darasa lenu lilikuwa na watu 60. Mkigawa sawa ni 80,000 kila mmoja. Mwenye uwezo wa 600,000 atatoa 80,000 na kulala usingizi mzuri. Mwenye uwezo wa 30,000 ataona aibu na hatatoa kitu.

Pangeni hivi: watu 2 wa 600,000 (1,200,000), 6 wa 250,000 (1,500,000), 12 wa 100,000 (1,200,000) na 30 wa 30,000 (900,000). Jumla ni 4,800,000 kutoka kwa watu 50. Kumi waliobaki hawatajibu, na mpango umeshalijua hilo. Wale 8 wa juu hawaombwi kwenye grupu. Wanapigiwa simu au kufuatwa, mmojammoja, na mtu waliyekaa naye chumba kimoja hosteli, iwe Mabibo au Hall Two. Msitangaze kwa wote mpaka angalau theluthi ya lengo iwe imeahidiwa, kwa sababu orodha tupu haina wa kuifungua.

Ujumbe wa kwanza uweje?

Mfupi, wenye barua ya idara kama kiambatanisho. Mfano:

"Ndugu zangu wa darasa letu, habari za kazi. Wachoraji 12 wa mwaka wa tatu wanatakiwa kuwa na turubai 72 kabla ya tarehe 10 mwezi wa tano ili waanze kazi za maonyesho. Kila mmoja anahitaji 400,000, jumla 4,800,000. Mpaka leo tuna ahadi za 1,750,000. Barua ya idara na bajeti viko hapo chini. Naomba ahadi yako kufikia Jumapili. Kulipa ni mpaka tarehe 28 mwezi wa nne. Kiasi chochote kinaingia kwenye orodha."

Utenganishe ahadi na malipo. Mtu anaahidi akiwa na moyo mkunjufu na analipa akiwa na mshahara, na siku hizo mbili ni nadra kukutana. Orodha iwe na safu tatu: ahadi, ametoa, bado. Ahadi 100,000, ametoa 40,000, bado 60,000. Aliyetoa kidogokidogo aone hesabu yake inasogea. Anayetaka jina lisionekane aandikwe "Mhitimu", na asiulizwe mara mbili.

Kwa walimu wenu wa zamani msitume ujumbe wa jumla. Anza na shikamoo, kwa simu, na umwombe kwanza jina lake likae kwenye barua. Wengi watachangia bila kuombwa.

Ni wakati gani mzuri wa kuomba?

Siku 3 hadi 5 kuanzia mishahara ya serikali inapoingia, ambayo kwa kawaida ni kati ya tarehe 20 na 26. Januari iacheni, ni mwezi wa ada na sare. Novemba, msimu wa mahafali, watu huwa wanakikumbuka chuo, ila mkusanyiko wenyewe uwe umeandaliwa tangu Septemba.

Tutumie namba ya simu ya mweka hazina?

Epukeni, hata kama ni mtu mnayemwamini kama ndugu. Mchango unachanganyika na hela yake ya sokoni. Akiwa na deni la huduma ya kukopa kwenye simu, mchango ukiingia deni linajikata lenyewe na salio halilingani na orodha. Simu ikipotea, kila kitu kinasimama. Na mtu atatuma 30,000 bila hela ya kutolea, halafu mtabishana kama ametoa 30,000 au pungufu.

Kwa mkusanyiko mdogo wa mara moja, lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi inatosha. Kwa unaoendelea, fungueni akaunti ya kikundi benki yenye watia saini 3, wawili kati yao wakitosha kutoa fedha, na angalau mmoja asiwe mkazi wa mji mmoja na mweka hazina.

Na kulipa moja kwa moja chuoni?

Ndiyo njia safi kuliko zote, ikiwa mtafanya jambo moja kwanza. Chuo cha umma hupokea fedha kwa kontroo namba, yaani namba maalumu ya malipo ya serikali. Kabla haijatolewa, mwombeni mhasibu wa chuo afungue kifungu cha mapato kinachojitegemea kwa mfuko wenu, kisha namba itolewe chini ya kifungu hicho. Bila hivyo, mchango unaingia kwenye mapato ya jumla. Hautaibwa, lakini kuutoa kununua turubai kutachukua muhula mzima wa barua.

Ulizeni pia aina ya namba. Kuna inayokubali kiasi kamili tu. Ninyi mnataka inayopokea kiasi chochote kwa mara nyingi. Na angalieni tarehe ya kuisha. Namba ikifa katikati ya kampeni, watu wanajaribu mara moja, inakataa, na hawarudi.

Tulio nje ya nchi tuchangie vipi?

Msitume kila mtu kivyake. Makato ya kutuma kiasi kidogo huuma zaidi kuliko ya kutuma kikubwa mara moja. Chagueni mratibu mmoja kwa kila nchi, akusanye, atume mara moja kwa muhula, na atume orodha ya majina siku hiyohiyo.

Kuhusu kodi za huko: Uingereza, utaratibu wa serikali uitwao Gift Aid huongeza peni 25 kwa kila pauni 1, lakini lazima mchango upitie shirika la hisani linalotambuliwa huko na mtoaji awe mlipa kodi. Marekani vilevile, nafuu ya kodi inahitaji shirika lililosajiliwa kwao. Kutuma moja kwa moja kwa chuo cha Tanzania hakuhesabiki. Kusajili shirika kwa ajili ya wachangiaji wanane hakulipi.

Na sisi wenye biashara nyumbani, tunapata nafuu ya kodi?

Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu mwenye biashara kutoa kwenye hesabu zake michango kwa taasisi za hisani, kikomo kikiwa asilimia 2 ya mapato ya biashara. Michango inayopitia Mfuko wa Elimu, chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania, ina utaratibu wake na cheti chake. Mwajiriwa anayekatwa PAYE (kodi ya mshahara) haguswi na haya. Mhasibu wako aone stakabadhi kabla hujajaza ritani.

Mtu akisema "mimi bado nakatwa Bodi"?

Usibishane naye. Asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka kulipa mkopo wa chuo kabla haijafika benki, na inauma kweli. Mwombe 5,000 kwa mwezi kwa miezi 6, au mwombe kisicho fedha: nafasi ya mafunzo kwa vitendo ofisini kwake, saa mbili za kuwafundisha wanafunzi kuandika mkataba wa kazi ya sanaa, au aje siku ya maonyesho na marafiki watano wanaonunua. Kwa mchoraji, mnunuzi mmoja anaweza kuzidi mchango wa darasa zima.

Nina piano, kompyuta au vifaa vya zamani. Mnavipokea?

Swali hili huwatia idara aibu, maana kukataa zawadi ni vigumu na kupokea mzigo ni kubaya zaidi. Mambo ya kuuliza kabla ya kusema ndiyo:

Umeme. Kifaa cha Marekani ni cha volti 120, sisi tuna 230. Kichomeke bila transfoma uone moshi. Tanuri la kufinyangia ni balaa zaidi: kubwa huhitaji umeme wa fezi tatu na hupandisha joto hadi karibu nyuzi 1,000 kwa uchomaji wa kwanza tu. Darasa lisipokuwa na waya wa kulibeba, litageuka meza ya kuwekea mafaili. Na koili zake zikikatika, zinapatikana wapi?

Hewa ya pwani. Piano iliyokaa kwenye hewa kavu ikiletwa Dar es Salaam hunyonya unyevu, mbao zinavimba, vibao vinakwama. Bila chumba kikavu na fundi wa kuipiga tuni, chukueni kibodi ya umeme.

Bandari. Zawadi kutoka nje nayo ina ushuru kama hakuna msamaha. Mpokeaji kwenye hati awe chuo, si mtu, na msamaha uombwe kabla meli haijaondoka huko. Mzigo ukifika karatasi hazijakamilika, gharama za kuhifadhi zinaanza kuhesabiwa, na zinaweza kupita thamani ya mzigo.

Rangi za zamani zilizoganda kwenye bomba hazipokelewi, hata kama zilikuwa za bei mbaya.

Mwanafunzi apewe taslimu au vifaa?

Kwa mahitaji ya kazi, vifaa, vinunuliwe kwa jumla na kugawiwa kwa saini. Si kwamba wanafunzi si waaminifu. Posho ya chakula na malazi ya mkopo ilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na bado bumu (fedha hiyo ya mkopo) likichelewa wiki mbili, laki nne iliyo mfukoni itakuwa chakula. Mwenye njaa akila fedha ya turubai hajaiba. Mpango ndio ulikuwa mbovu. Kwa hiyo tengeni fungu dogo la dharura, tuseme sehemu 1 kwa 10, la chakula, dawa na nauli, ambalo mwalimu mlezi anaweza kulitoa siku hiyohiyo bila kikao.

Nani achaguliwe?

Vifaa vya darasa vigawiwe kwa wote walio kwenye somo. Kuwachuja watu 12 kunaleta chuki kuliko akiba. Ufadhili wa mtu mmojammoja ndio unahitaji vigezo, viandikwe na kubandikwa kabla ya maombi: mwaka wa masomo, hali ya mkopo, na kazi tatu zinazoangaliwa na watu wasiojua jina la mwombaji. Mhitimu aliyetoa kikubwa asikae kwenye jopo. Atakuja na jina la mpwa wake, na atalitaja kwa upole sana.

Wachangiaji wanataka picha za wanafunzi. Tuwape?

Wapeni picha za kazi. Turubai iliyokamilika, yenye jina la mchoraji kwa ridhaa yake, inasema kuliko kijana aliyesimamishwa kushika hundi ya boksi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu ninyi pia: picha, hali ya mkopo wa mwanafunzi, hata orodha ya namba za wahitimu haviwekwi hadharani bila ridhaa. Hilo linahusu na kuwaingiza watu kwenye grupu bila kuwauliza.

Kwa nini tusianzishe mfuko wa kudumu badala ya kuomba kila mwaka?

Wazo zuri, kwa mwaka wa nne au wa tano. Fanyeni hesabu: mtaji wa 50,000,000 ukizalisha, tuseme, asilimia 10, ni 5,000,000 kwa mwaka. Mkitumia zote, bei za rangi zikipanda mtaji unabaki palepale na turubai zinapungua. Tumieni 3,500,000 na rudisheni 1,500,000. Kwa hiyo milioni 50 zinanunua kwa mwaka pungufu ya kile ambacho watu 50 walikinunua kwa milioni 4.8. Anzeni na mkusanyiko wa kila mwaka, na kila unapovuka lengo, ziada iende kwenye hatifungani za serikali (yaani kuikopesha serikali kwa riba) au mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Hatifungani huanzia shilingi 1,000,000 na hulipa riba mara mbili kwa mwaka, jambo linaloendana vizuri na mihula miwili.

Ripoti itolewe lini na iwe na nini?

Ya kwanza ndani ya siku 14 baada ya kufunga mkusanyiko: kilichoingia, kilichotoka, salio, na picha za stakabadhi. Ya pili siku ya maonyesho, na mwaliko. Andikeni pia kilichoharibika. "Maroli mawili yalikuja na madoa, muuzaji amebadilisha moja" ni sentensi inayoleta mchango wa mwaka unaofuata. Asante itumwe kwa kila mtu kwa jina lake, na iwe na kiasi alichotoa, siku tofauti na siku ya kuomba tena.

Mwanafunzi tunayemfadhili akidisko (akiondolewa chuoni kwa kufeli)?

Amueni hilo kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, na liwe kwenye barua anayosaini. Akipata sapu (mtihani wa marudio), ufadhili unaendelea. Akikeri (akibeba somo alilofeli kwenda mwaka unaofuata), unaendelea kwa masomo aliyosajiliwa. Akiahirisha mwaka kwa ugonjwa au uzazi, nafasi yake inashikiliwa mwaka mmoja. Akidisko, vifaa alivyokwishatumia ni vyake, vyenye maisha marefu kama gitaa au kamera vinarudi idarani kwa saini, na fedha iliyobaki inahamia kwa anayefuata kwenye orodha ya maombi. Hadaiwi kulipa. Wachangiaji wanaambiwa nafasi imehamishwa. Jina na sababu hawaambiwi.